Badala ya anemoni, tulihamisha pampu

Picha ya kwanza iliingia kwenye simu yangu Jumatatu asubuhi, mwezi wa Julai, na chini yake maneno manne: "Kaka, ua limetembea tena."

Ua lenyewe si ua. Ni anemoni, mnyama wa baharini wa ukoo mmoja na matumbawe na viwavi vya maji vinavyowasha. Ana mdomo mmoja unaoingiza chakula na kutoa uchafu, mikono mingi yenye seli za kuuma, na kitako kinachong'ang'ania jiwe kwa namna ambayo ukilazimisha kumng'oa utampasua. Ubongo hana, ila ana neva zinazomtosha kuamua kwamba mahali fulani hapamfai na kuondoka. Nasisitiza kwamba ni mnyama kwa sababu nusu ya kisa hiki ilitokana na neno lile "ua". Ua ukiliweka mezani, meza ndiyo kwake. Mwalimu, rafiki yangu anayefundisha hisabati South B, Nairobi, alimweka anemoni wake kwenye jiwe la katikati, mkabala na kochi, na kila alipohama alimrudisha palepale. Alimrudisha mara tatu katika siku nne.

Aina yake ni ile ya viputo, Entacmaea quadricolor, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1828 kutoka Bahari ya Shamu na ambayo inaishi hata kwenye miamba yetu ya Afrika Mashariki. Huyu hakutoka baharini. Alizaliwa ndani ya tangi la mfugaji mwingine wa hapahapa Nairobi, kwa kugawanyika: anemoni wa aina hii hujipasua katikati na kila upande ukawa mnyama kamili. Sababu hiyo ilinifanya nikubali Mwalimu amchukue. Mzaliwa wa tangi ameshazoea taa na chumvi ya dukani, na mwamba wa Kilifi haujapungukiwa na chochote.

Tangi la Mwalimu lina miezi minane. Kwa vipimo vya nje linafika lita 250, ukitoa mawe na mchanga maji yanabaki kama lita 210. Ndani mna matumbawe laini machache, konokono, na jozi ya samaki wa anemoni aina ya allardi, wale wa pwani yetu wenye mwili wa kahawia iliyoiva na mikanda miwili myeupe. Miezi minane si mingi, ila inatosha. Anemoni katika tangi la wiki sita ningemkataza kabisa.

Jumatatu ile nilijibu kwa simu, na hapa ndipo kosa langu lilipo. Kwenye picha nilimwona amepauka na amejikunja, amekaa kwenye kioo cha nyuma. Nikauliza taa ikoje. Mwalimu akasema LED inawaka kwa nguvu zote saa kumi kwa siku. Nikauliza kule alikotoka kulikuwaje. Akasema taa za mirija, hafifu. Basi nikaona nimeshapata jibu: mwanga umemzidi. Nikamwambia apunguze hadi asilimia 40 na saa sita kwa siku, nikarudi kwenye shughuli zangu. Chumvi niliiuliza kama mtu anayeuliza hali ya watoto mlangoni. "1.025, kama kawaida." Namba hiyo ni uzito wa maji ya tangi ukilinganishwa na maji matupu; chumvi ikizidi, nayo hupanda. Kama kawaida, nikapita.

Ushauri wa taa haukuwa mbaya, ila ulikuwa jibu la swali dogo. Jumanne anemoni alishuka mchangani, akarudishwa. Jumatano alisafiri hadi chini ya pampu ya mkondo, mdomo umelegea kama kitufe kilichotoka kwenye tundu lake. Mwalimu, kwa huruma, alikuwa amemlisha kamba mzima usiku wa Jumanne. Asubuhi kamba yule alitemwa akiwa ameanza kuoza. Pia alikuwa amenunua chupa ya matone ya iodini, ambayo muuzaji alimwahidi kwamba "inaamsha". Nilipoiona jioni niliiweka kabatini bila kuifungua. Kwenye tangi lenye tatizo usilolijua, kila kinachoongezwa ni tatizo la pili.

Vipimo

Nilifika Jumatano saa kumi na mbili jioni na mfuko wa vifaa. Amonia: sifuri. Nitriti: sifuri. Nitrati: miligramu 10 kwa lita, haimdhuru mtu. Kwa hiyo maji hayakuwa machafu, jambo ambalo Mwalimu alikuwa analihofia zaidi ya yote.

Halafu nikatoa rifraktomita, kile kipimo cha kutazamia kwa jicho kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini. Kabla ya kukiamini kipimo hiki huwa nakisahihisha kwa maji ninayotengeneza mwenyewe: gramu 36.5 za chumvi ya mezani ndani ya gramu 963.5 za maji yaliyochujwa. Maji hayo hupindisha mwanga sawasawa na maji ya bahari yenye gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Wengi husahihisha kwa maji matupu, wakaridhika na sifuri, wasijue kwamba kifaa kinaweza kusema kweli kwenye sifuri na kudanganya kwenye 35.

Kilisoma 1.029.

Nikarudia. 1.029. Mwalimu akaleta kipimo chake, kile cha plastiki chenye mshale unaoelea, tukakijaza maji yaleyale. 1.025. Tulitazamana. Nikakiweka kile cha plastiki kwenye bakuli la siki nusu saa, nikakisugua kwa mswaki, maana kwenye ekseli ya mshale kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi. Kilipokauka tukajaribu tena: 1.028. Ukoko ulikuwa unauzidishia mshale uzito, usipande unakostahili. Kwa muda gani, hakuna aliyekuwa amekiosha hata akumbuke.

Sasa swali likawa chumvi imepandaje, maana Mwalimu ni mtu wa hesabu na mchanganyiko wake huupima kwa mizani. Jibu lilikuwa jikoni, chini ya sinki: mitungi miwili ya bluu inayofanana kama pacha. Mmoja una maji yaliyochujwa, mwingine una maji ya chumvi yaliyo tayari kwa siku ya kubadilisha maji. Tangi hupoteza karibu lita moja kwa siku kwa mvuke, na kinachopaa ni maji tu, chumvi hubaki. Kwa hiyo kinachorudishwa lazima kiwe maji matupu. Kazi hiyo ya kujazia alikuwa amepewa mpwa wake aliyekuja likizo wiki tatu zilizopita. Kijana alikuwa mwaminifu, kila siku lita moja, mstari ule ule. Kutoka mtungi wa chumvi.

Mwalimu alichukua kalamu, na lazima nikiri nilifurahi kumwona akifanya hesabu ya makosa ya nyumbani kwake. Lita 21, kila moja ina gramu 35: gramu 735. Zigawanye kwa lita 210. Gramu tatu na nusu kwa kila lita. Kutoka 35 unafika 38.5, na 38.5 kwenye kipimo ni 1.029. Mara chache sana kisa cha tangi hujifunga kwa usahihi huo.

Nikampigia simu mfugaji aliyemtoa anemoni. Kwake ni 1.024, kama gramu 32. Mwalimu alikuwa ameuacha mfuko wenye anemoni uelee kwenye tangi dakika 20 ili joto lilingane, kisha akamtoa mnyama akamweka ndani. Kwa hiyo kwa mkupuo mmoja mwili ambao karibu wote ni maji yaliyoshikwa na ngozi laini ulikutana na maji yaliyozidi kama gramu sita za chumvi kwa kila lita. Anemoni hana figo ya kumkinga. Chumvi ya nje ikipanda, maji hutoka katika seli zake hadi mizani ilingane. Kule kunywea tulikokuona kwenye picha kulikuwa hasa kunyonywa maji.

Mwalimu aliuliza swali zuri: kwa nini samaki na matumbawe hawakuonyesha chochote? Kwa sababu wao walipanda ngazi, kidato kimoja kwa siku, kwa wiki tatu. Mgeni alirushwa ghorofani kutoka barabarani. Akaniuliza tena, maana anajua nimekulia Mombasa: mbona anemoni wa madimbwini, yale yanayobaki wakati wa bamvua maji yakitoka, huchomwa na jua na chumvi ikapanda wala hawafi? Kweli, nimewaona tangu utotoni, wamejikunja kama vifungo vya kanzu kwenye jiwe la moto. Lakini kwanza hao ni wa aina nyingine, waliozaliwa kwa shida hiyo. Pili, maji hurudi baada ya saa chache na kila kitu hulingana. Tangini hakuna maji ya kujaa yanayokuja kukuokoa.

Jambo la joto tulilipata kesho yake. Nilimwachia kipimajoto akaniandikia: 22.9 saa kumi na mbili asubuhi, na 25.8 saa kumi alasiri. Julai ya Nairobi haina utani. Hita yake ilikuwa ya wati 100, kwa maji ya lita 210 katika sebule inayoshuka hadi 17 usiku. Mchana taa ndiyo iliyokuwa inasaidia kupasha maji, na mimi nilikuwa nimeagiza taa ipunguzwe. Kwa maneno mengine, ushauri wangu wa simu ulikuwa umemwongezea baridi.

Tulichofanya, na tulichokataa kufanya

Mwalimu alitaka kumhamisha anemoni kutoka chini ya pampu usiku uleule. Hofu yake ilikuwa na msingi. Anemoni akivutwa kwenye pampu husagwa, maji yakawa meupe kama tui, na sumu ya seli zake inaweza kuua tangi zima kabla ya alfajiri. Nimewahi kusaidia kumwaga tangi la namna hiyo; harufu yake haielezeki. Lakini kumng'oa mara ya nne, kitako chake kikiwa kimeshachunwa pembeni kwa ukucha siku ya kwanza, kungekuwa kumfungulia kidonda. Kwa hiyo tulizima pampu, tukaitoa, tukaifunga upande wa pili wa tangi. Anemoni akabaki alipo.

Pampu ilihitaji kufunikwa hata huko ilikohamia, na Mwalimu akaja na kipande cha chandarua. Wazo lilikuwa jema na lingeweza kuua samaki wote ndani ya tangi. Vyandarua vinavyogawiwa hutiwa dawa ya mbu ya jamii ya pairethroidi, ambayo humdhuru mwanadamu kidogo tu lakini kwa samaki na kamba ni maangamizi. Tulitumia sponji mpya isiyo na sabuni kwenye mdomo wa kichujio, na wavu mgumu wa plastiki kwenye pampu, ukafungwa kwa nyuzi za plastiki. Kila siku tatu sponji husuuzwa, la sivyo huziba na pampu ikachoka.

Chumvi tuliishusha polepole. Hesabu ilitaka kama lita 20 za maji matupu mahali pa maji ya chumvi. Tukazigawa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, lita tano kwa siku, yakiwa ni maji ya mtungi ya duka la kujazia la mtaani, ambayo tuliyapima kwanza tukahakikisha hayajatiwa madini ya ladha. Kushusha yote kwa siku moja kungekuwa kurudia dhuluma ileile kwa upande wa pili, na safari hii wenyeji nao wangeumia.

Hita zikawekwa mbili za wati 150. Mbili badala ya moja ya 300 kwa sababu hita huharibika kwa kukwama ikiwaka, na ya 150 iliyokwama itakupa muda wa kugundua kabla ya supu.

Samaki jike nalo lilikuwa tatizo. Allardi ni wakali, na huyu alikuwa anamvamia mgeni kwa kichwa na mkia kama mtu anayepiga mto. Anemoni mzima hufaidika na samaki hawa: taka zao hulisha mwani mdogo mno unaoishi ndani ya ngozi yake, mwani ambao humlipa kwa sukari. Mgonjwa hahitaji mgeni wa kumsukumasukuma. Tuliwazuia jozi ile nyuma ya kizuizi cha plastiki chenye matundu.

Chakula tulikataza. Taa tuliiacha kwenye asilimia 40, tukapanga kuongeza tano tano kila baada ya siku tatu. Jiwe moja lenye ufa mrefu tulilisogeza kushoto, mahali penye mkondo wa wastani na mwanga wa kutosha, bila kumgusa yeye. Aina hii hupenda kuficha kitako ndani ya ufa na kutoa mikono kwenye mwanga. Ukimpa jiwe la mviringo lisilo na pa kuingiza mguu, atatembea hadi alipate tundu. Jiwe la katikati alilochaguliwa na Mwalimu lilikuwa laini kama kiazi.

Kisha likaja lililo gumu kuliko yote kwa mtu mwenye mikono: kukaa.

Usiku wa nane stima zilipotea saa nne na nusu. Hapa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko Mombasa kwenye joto lilelile. Tangi lisilo na mkondo huishiwa mapema kuliko vitabu vilivyoandikwa usawa wa bahari vinavyokuambia. Mwalimu alikuwa na pampu ndogo ya hewa ya betri, ya elfu mbili hivi, akaifungulia mapovu akakaa sebuleni na tochi hadi saa tisa. Nilimwambia asimulike tochi kwenye anemoni. Nina hakika alimulika.

Na kwa kuwa tumetaja oksijeni usiku: mwaka 2013 watafiti walichapisha kwamba samaki wa anemoni, wanapopepea na kujigeuzageuza ndani ya mikono ya mwenyeji wao gizani, humsukumia maji mapya na kumwongezea pumzi. Walipima aina hii hii ya anemoni, pamoja na samaki wa Bahari ya Shamu. Kwa tangi la mlimani nalichukulia jambo hilo kwa uzito zaidi kuliko mapambo ya kuona samaki amejilaza.

Siku ya tisa chumvi ilisoma 1.026 na joto lilikuwa 25.4 asubuhi, 25.7 jioni. Anemoni bado chini, bado amenywea, akatoa nyuzi za ute wa kahawia zilizomtisha Mwalimu. Hizo ni taka na mwani aliofukuza. Niliangalia mdomo tu. Mikono hudanganya: anemoni mzima hunywea mara kwa mara kubadilisha maji ya tumboni, na viputo kwenye ncha huja na kutoweka bila kusema lolote la maana kuhusu afya. Mdomo uliofunga ni mtu aliyelala. Mdomo uliolegea mchana na usiku, matumbo yakichungulia, na kitako kisichoshika kitu, huyo mwondoe kabla hajaoza. Wetu alikuwa amelegea, ila kitako kilishika.

Siku ya 11, Jumanne, picha ilikuja saa kumi na moja alfajiri. Mwalimu hakuandika neno. Anemoni alikuwa amesafiri usiku, kama sentimita 20, akapanda jiwe lenye ufa, ametumbukiza kitako ndani.

Siku ya 13 mdomo ulifunga. Siku ya 16 tulimpa kipande cha kamba kibichi kisicho na chumvi wala limau, ukubwa wa punje ya ndengu, kwa koleo refu. Mikono ilikishika, ikakikunjia ndani taratibu, na kesho yake hakikutemwa. Tukaendelea hivyo mara mbili kwa wiki. Siku ya 19 kizuizi kilitolewa. Jike alimzunguka siku mbili, akamgusa kwa tumbo na kuruka, akamgusa tena, na usiku wa 22 alilala ndani yake huku dume akibaki nje akingoja ruhusa.

Ningemshauri nini mtu anayeanza leo? Apime chumvi ya pande zote mbili kabla ya mnyama kusafiri, kwa kipimo kimoja. Tofauti ikiwa ndogo, njia ya matone inatosha: mpira mwembamba wenye fundo unaotoa maji ya tangi kwenye ndoo aliyomo mnyama, matone mawili matatu kwa sekunde, hadi maji ya ndoo yaongezeke mara mbili, umwage nusu, urudie, kwa saa moja na nusu hivi, na maji ya mfuko yasiingie tangini. Tofauti ikiwa kama hii yetu, matone ya saa mbili hayatoshi. Hapo tangi lenyewe lishushwe kwanza siku kadhaa, anemoni angoje kwao. Na mitungi itiwe rangi. Wa Mwalimu sasa una mkanda mwekundu na neno CHUMVI kwa herufi za ubaoni.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu aje; anemoni amefika sentimita 14 kutoka nane, kahawia yake imerudi, na taa iko asilimia 75. Wiki iliyopita alihama mara ya mwisho hadi sasa, akafuata ufa uleule mpaka nyuma ya jiwe, ambako kutoka kwenye kochi huoni hata mkono mmoja. Anaonekana vizuri ukiwa umekaa karibu na mlango wa jikoni. Niliposhuka kuwatembelea Jumapili, kiti cha Mwalimu kilikuwa huko.